Mashine Iliyoendelea Kuchonga

Mwakio, ndugu yangu,

Mashine ilikuwa inafanya kazi. Akili yangu imekwama hapo mpaka leo. Ningefika karakanani kwako nikakuta kimya, ningegonga, ningeita, ningevunja mlango. Lakini nilikuta mngurumo ule ule wa kila siku, na ndani yake ule mpumuo wa hewa, kisha klak: biti moja, ule msumari wa kuchongea, imerudishwa, nyingine imeshikwa. Nikajisemea, Mwakio yuko kazini.

Nikakaa kwenye benchi nje ya mlango, kama ulivyotuzoesha sote. Vumbi la Voi halina adabu, ulikuwa ukisema. Ikiingia chembe moja, biti inakaa upande na ubao umeharibika. Kwa hiyo mashine ikichonga, mlango haufunguliwi, awe askofu awe shehe. Mgeni hukaa benchini akazungumza nawe kupitia mabati. Nami nikazungumza. Nilikwambia mabasi ya Mombasa yamechelewa tena, barabara bado haijapona mvua za El Niño. Nikakuchokoza, kwamba fundi mzima wa reli amestaafu aje kujifungia ndani kama mwari. Hukujibu. Sikushangaa, maana ulikuwa na tabia ya kuyaweka maneno yangu kiporo, ukayajibu yote pamoja ukishafungua.

Klak, ikabadilisha tena. Nikasema kwa sauti, "Hiyo imeshika vizuri, Mwakio. Imeshika barabara."

Nilikuwa nikimsifu maiti.

Mashine ilipomaliza ilijizima. Nikangoja. Nilipoingia ulikuwa kwenye kiti, mgongo ukutani, miwani puani, kikombe mkononi. Chai ilikuwa baridi, imeshika utando. Mbele yako ubao ulikuwa umekamilika, hauna kosa hata moja. Daktari alisema moyo ulisimama ghafla, na kwamba ulikuwa umekwisha kwenda zamani kabla sijafika. Alidhani ananiliwaza. Nilichokisikia mimi ni kwamba kazi yote ile niliyoisikiliza nje ilifanyika bila wewe.

Mimi ni mtu niliyezoea kuachwa na vitu. Tulipohama pwani ya kaskazini wakati wa vita vya shifta, tulibeba kilichobebeka, na nyumba ya baba ikabaki na vitanda vyake. Tangu hapo nimeishi kwenye miji ya watu wengine, nikauza vitabu vya mitumba, nikadhani nimeshamaliza mshtuko wa maisha yangu. Sikujua kwamba mmoja ulikuwa umewekwa akiba, tena ndani ya kitu nilichokipenda.

Unakumbuka kilivyoanza? Ulikuja dukani kwangu kutafuta magazeti ya ufundi, ukakuta moja la ng'ambo lenye picha ya mashine ya kuchonga inayoendeshwa na kompyuta, hiyo wanayoiita CNC. Ulinisomesha ukurasa ule hata nikachoka. Baadaye ukaunda yako, kwa kompyuta iliyotupwa na ofisi na mota za printa zilizokufa. Ilichonga, lakini ilikufanya mtumwa. Biti nene ichimbe, isimame. Uitoe, utie nyembamba, upime upya. Ichonge mishipa ya jani, isimame tena. Chai yako ilikuwa ikipoa dirishani kila siku. Ndipo ukasema, "Ustadhi, viwandani mashine inajibadilishia biti yenyewe. Wao wananunua. Sisi tutaunda."

Tukaunda. Gurudumu la mbao ngumu lenye matundu, kila tundu na biti yake imevikwa koni ya shaba uliyoichonga mwenyewe. Springi za lori za kubana. Na ili kubana kuachie, hewa kutoka kompresa ya friji kuukuu ikasukuma chemba ya breki tuliyoitoa kwa wale wanaokata malori mabovu kando ya barabara kuu. Mara ya kwanza ilirusha biti ikatoboa bati la paa. Ulicheka hadi ukakaa chini. Mara ya pili ikaidondosha. Siku iliposhika tulitazamana kama watoto walioiba sukari, kisha ukaniambia, "Sasa kumbuka nyumba ya baba yako. Kumbuka sawasawa, hii mashine haijui kubahatisha."

Ubao ule uliokamilika mbele yako ulikuwa huo. Ubao wa kichwani wa kitanda cha mama yangu, nilivyouchora kwa kumbukumbu, kila jani mahali pake.

Tulipokwisha kukuzika kwenu Wusi, alikuja kwangu fundi Jonathan wa Taveta, yule muunda vitanda uliyemwahidi michoro ya mashine. Nilimwambia hapana. Nilikuwa na nia ya kuichoma michoro yote, Mwakio, nisikufiche. Sikutaka mtu mwingine yeyote akae nje ya mlango wa mabati akadanganywa kama nilivyodanganywa. Aliposhikilia, nikampa sharti: atie kitufe, ili mashine ikishabadilisha biti ingoje mkono wa mtu aliye hai ndipo iendelee. Alinitazama kwa huruma. "Mzee," akasema, "hiyo basi si tumerudi tulikotoka?"

Nikapanda Wusi kumuuliza mkeo, maana mali ni yake. Mama Wakesho alikuwa akichambua maharagwe. Nilimweleza yote, kelele, benchi, maneno niliyoyasema. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, yule mtu nimeishi naye miaka yote hiyo hajawahi kunywa chai ikiwa moto. Alifia wapi? Kwenye kiti. Na mkononi alishika nini?"

"Kikombe," nikasema.

"Basi usimtilie kitufe," akasema. "Mpe fundi alivyoiacha mwenyewe."

Kikombe nilikiona, Mwakio, nikakitoa mkononi mwako mimi mwenyewe, na sikukielewa. Mashine haikuwa imekusahau. Ilikuwa ikikupumzisha, kama tulivyoiunda ikupumzishe. Mshtuko haujanitoka kwa kulijua hilo. Hadi leo nikisikia hewa ikipumua mahali, tairi la lori likitolewa upepo tu, naganda barabarani. Lakini michoro nilimpelekea Jonathan, yote, bila kitufe, na sharti lako la siku zote: atakachokigeuza aje atuonyeshe.

Juzi aliniletea habari kwamba imewaka. Nikaenda Taveta. Nilifika karakana yake mlango umefungwa, na nje ameweka benchi. Hata benchi ameiga. Nikakaa. Ndani, mngurumo. Kisha mpumuo, kisha klak, sauti yako kabisa. Nikaita, "Jonathan." Kimya. Nikaita tena.

Nikainuka nikausukuma mlango kwa mikono miwili. Vumbi la Taveta likaingia pamoja nami, na Jonathan akaruka kutoka mashineni, pamba masikioni, akapiga ukelele, "Mzee! Vumbi! Funga mlango, unaniharibia!"

Ubao uliharibika kweli. Biti iliyofuata ilikaa upande na ikakwaruza jani zima. Alinikaripia mpaka alipochoka, nami nikasimama pale nikimsikiliza kama mtu anayesomewa dua. Nilimwomba radhi. Sikumwambia kwamba nitarudia.

Ubao wa mama yangu nimeufunga kwenye kitanda changu hapa Voi. Usiku nikiupapasa sijui ni jani gani lililochongwa ukiwa unalitazama, na ni lipi lililofuata. Hakuna tofauti kwenye mti. Nimeacha kuitafuta.

Pumzika, ndugu yangu, na chai yako iwe moto huko uliko. Mimi nimebakia na ahadi moja ya kukupa, nayo itawaudhi mafundi wote watakaoiga kazi yako. Popote nitakapoisikia ile klak, sitakaa benchini. Nitafungua mlango.

Athmani wako,
Voi