Karatasi Thelathini na Nane Nilizomkabidhi Saidi

Rahaleo, Jumatatu alasiri, mwezi wa nane, 1955

Karatasi thelathini na nane zimepotea. Nilizikabidhi Ijumaa baada ya swala, zimefungwa kwa uzi wa katani, na jana Jumapili, kufikia alasiri, hazikuwepo tena kwa mtu niliyempa. Hazikuwa zangu. Yalikuwa maneno ya watu, nami nilikuwa mchukuzi tu.

Kusi inavuma tangu asubuhi, vumbi la mbao linaingia machoni. Nimekata miguu ya meza ya mteja mifupi kwa inchi nzima. Miaka kumi na tisa ya useremala sijafanya kosa kama hilo. Nimeweka msumeno chini, nimefungua daftari hili.

Naandika toka mwanzo, ili siku nyingine nisije nikajidanganya.

Wiki sita zilizopita tulikuwa na mkutano wa wote tuliosoma shule yetu ya zamani kule Mikindani. Tangazo lilipita misikitini na magulioni: kila aliyewahi kukaa benchi la shule ile na aje. Kila aliyewahi. Lakini jikoni walipika kwa orodha ya waliomaliza darasa la nane. Sinia arobaini na tano, watu wanne kwa sinia, mia na themanini. Mabenchi nilitengeneza mimi, thelathini, watu sita kwa benchi, hesabu ile ile. Nilimwambia Saidi, katibu wa kamati, kwamba tulioishia darasa la nne ni wengi kuliko wao waliomaliza.

"Fundi, hao watatoka wapi?" akasema. "Waache na mikorosho yao."

Wakatoka huko huko kwenye mikorosho. Nilihesabu vichwa mia tatu na kumi na viwili, kisha nikaacha kuhesabu.

Waliomaliza walikaa chini ya turubai, kila mmoja na utepe wa buluu kifuani. Sisi wengine tulisimama kando ya ua, juani, tukimngoja mgeni rasmi, mkubwa mmoja wa ofisi ya serikali. Alichelewa saa mbili, akaja na mbwa wake. Mbwa akatafutiwa nafasi chini ya turubai.

Nilitengeneza mabenchi thelathini na sikukalia hata moja.

Siku chache baadaye Saidi alikuja hapa karakana, akaketi juu ya rundo la mbao kama alivyozoea. Akasema kamati inataka maoni ya waliohudhuria, ili mwakani wasitie aibu tena. Akaniita kwa namba yangu ya shule: "Wewe unajulikana mpaka Kilambo, Arobaini na Saba. Wakikuona wewe watasema kweli."

Nakiri hapa, kwa kuwa hakuna anayeniona: nilifurahi kupita kiasi. Nilijiona tayari nimo ndani ya kamati, nina kiti, naulizwa shauri. Kwa ajili ya furaha hiyo niliacha kazi siku tisa.

Nilitunga maswali matatu tu. Ulikaa wapi? Ulikula nini? Ukiitwa tena utakuja? Nikapanda baiskeli. Nilikwenda Msimbati, nikapita vijiji vya ghuba ya Mnazi, nikashuka mpaka Kilambo ambako mto unaonekana na ng'ambo yake ni kwa Wareno. Watu walinikaribisha, wakanipa muhogo, lakini karatasi waliziogopa. Mmoja aliniambia, "Shehe, jina langu likilala kwenye karatasi, mimi silali."

Nikawapa njia. Nikasema, msiandike majina, andikeni namba zenu za shule tu.

Kila mmoja wetu alipewa namba siku ya kwanza. Ilipakwa rangi kwenye ubao wake wa kuandikia, mwalimu akatuita kwayo, na mpaka leo tukikutana sokoni tunaitana kwa namba, wenyewe tunacheka. Mimi ni Arobaini na Saba. Saidi ni Arobaini na Sita. Niliona namba ni ukuta mzuri wa kujificha.

Sikukumbuka rejista. Kwa mwenye rejista, namba ni jina la mtu, la baba yake na la kijiji chake. Na rejista ya shule iko kabatini nyumbani kwa Saidi. Kabati lenyewe nilitengeneza mimi.

Hili ndilo kosa langu. Sitamsukumia mwingine.

Majibu niliyajumlisha kwa penseli kwenye ubao wa mninga, nao bado umeegemea ukutani hapa mbele yangu. Waliokaa chini ya turubai, tisa. Waliosimama nje, ishirini na tisa. Wa nje waliopata pilau, sita. Waliopewa muhogo wa kuchemsha, sita. Walioondoka bila kutia kitu kinywani, kumi na saba. Watakaorudi wakiitwa, kumi na wawili tu. Kati ya hao kumi na wawili yumo mmoja wa Msimbati aliyeshinda na njaa siku nzima. Ameandika kwamba atarudi hata wasipompa maji, kwa sababu alimwona rafiki aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mkondo wakienda shule, na ambaye yeye alidhani amekufa zamani.

Karatasi hiyo ningependa kuwa nayo leo.

Jana tulikutana katika darasa letu la zamani kusikia maoni. Saidi alisimama, akasafisha koo, akasema maoni yamekusanywa na fundi wetu mpendwa, na kwamba wote wameridhika. Akasoma mistari mitatu, yote sifa. Nilizijua karatasi hizo tatu. Zilitoka kwa wale tisa wa turubai. Watu wakapiga makofi. Waliokuja kutoka vijijini hawakupiga. Walinitazama mimi.

Nilisimama. "Katibu, na zile thelathini na tano nyingine?"

Akacheka kwanza, akiwatazama wenzake. "Fundi, hesabu za mbao ziache kwenye mbao."

Darasa zima likacheka. Nikabaki nimesimama. Nikauliza tena, taratibu, karatasi ziko wapi. Hapo hakucheka. Alisema, "Zimekwisha fikishwa panapohusika," akafunga daftari lake, akatangaza dua.

Panapohusika ni wapi?

Leo saa sita mchana Issa alikuja. Issa ni tarishi katika ofisi ya yule yule mgeni rasmi. Anabeba barua zake, anamfungulia mlango, na siku ya mkutano alisimama juani nasi kwa sababu naye aliishia darasa la nne. Aliandika mstari mmoja tu, na nilipousoma nilicheka mpaka nikashika ukuta: "Mbwa wa mgeni alipata kivuli, mimi namba 112 sikupata."

Leo hakuna aliyecheka. Asubuhi karani wa ofisini alimwambia anatakiwa ndani kwa mkubwa wake Alhamisi saa tatu. Kwa nini, hakuambiwa. Ana watoto watano, na kazi hiyo ameishika miaka kumi na minne.

"Ulituambia namba haina sura," akasema.

"Nilisema."

"Rejista iko kwa nani, Arobaini na Saba?"

Nikamjibu. Alitikisa kichwa, akafuta jasho kwa kofia yake, akasema hana ugomvi nami. Kisha akaniuliza kama aende kazini kesho au aanze kutafuta jembe. Alisema kwa mzaha.

Huenda anaitwa kwa jambo jingine. Najilazimisha kuandika hivyo, kwa kuwa sina ushahidi, na mtu asiyepima hukata ovyo. Lakini wenzake walioandika karatasi walikwisha pita hapa wawili, na wote wameuliza swali moja: nimepewa nini ili niwauze?

Hilo ndilo linaloniuma, kuliko kicheko cha jana. Hakuna mlango kuanzia hapa mpaka Kilambo nitakaobisha tena na kuamkiwa kama zamani.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Baba alipofariki niliacha shule darasa la nne. Mwaka mzima baada ya hapo, kila Jumamosi, Saidi alikuja nyumbani kwetu na ubao wake, akanifundisha yale waliyosoma wiki ile. Desimali nimefundishwa na Saidi, kwa mchanga na kijiti, nyuma ya jiko la mama. Watu husema nimejifunza mwenyewe, nami nawaacha waseme. Si kweli. Kila ubao ninaoupima, napima kwa alichonipa yeye.

Ndiyo maana sikudai stakabadhi. Ndiyo maana sikunakili hata karatasi moja. Mtu mwingine yeyote ningemwambia atie sahihi. Yeye nilimpa kama mtu anavyoweka kitu chake mfuko wa kushoto akiwa amekitoa wa kulia.

Je, alibadilika lini? Au mimi ndiye niliyebaki na yule wa Jumamosi kichwani, wakati mwenyewe alikwisha ondoka zamani?

Sina nguvu ya kulijibu hilo leo. Lililo mkononi mwangu ni dogo zaidi. Nimeandika barua fupi, nitaipeleka mwenyewe kabla ya magharibi, nimkabidhi mkononi mbele ya mkewe, asije akasema haikufika. Nainakili hapa, maana sasa nimejifunza kunakili.

"Arobaini na Sita, salaam. Sikuulizi kuhusu turubai wala pilau, wala kuhusu watu kunicheka. Nakuuliza mambo mawili. Karatasi thelathini na tano ziko wapi? Nani amefungua rejista akatafuta namba 112? Usinijibu kwa dua wala kwa kamati. Njoo karakana kwa miguu yako, ukae pale pale kwenye mbao, uniambie. Nakungoja mpaka Jumatano, adhana ya adhuhuri. Ikipita adhana hiyo hujaja, Alhamisi saa tatu nitaingia ofisini pamoja na Issa, nitasema mstari ule niliuandika mimi, na nitataja jina la aliyenituma kuukusanya. Ziko wapi, Saidi?"