Kizimba cha Kinyonga

Alhamisi, baada ya magharibi

Kimeinama upande mmoja, lakini kizimba kimesimama. Nimekitengeneza kwa sanduku la chai ambalo marehemu mume wangu alilileta kutoka stesheni, na kipande cha chandarua chake. Misumari ya zamani nimeinyoosha kwa mchi.

Kinyonga aliingia na kuni juzi. Mama mkwe anasema ni mkosi, hataki hata kumtazama. Mimi niko mwezi wa pili wa eda, sitoki, na humu ndani ni kinyonga tu asiyenipa pole.

Komeo nililipigilia kwa ndani, kwa mazoea ya milango ya watu. Nikacheka peke yangu, nikalihamishia nje. Sikuwa nimecheka tangu mazishi, na niliogopa kusikika.

Wifi Zuhura alisikia. Akaja, akachungulia kwenye chandarua.

"Unamwonea, wifi. Mnyama amezoea kutembea, wewe unamfungia?"

"Nje kuna paka," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akavaa buibui lake kwenda sokoni, na nikasikia anafunga kufuli kwa nje, kama kila siku.