Injini ya Filbert

Kariakoo, 9 Februari 1980

Mwanangu Severa,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi mzima, ni miguu tu inavimba. Sukari bado ni ya kupanga foleni.

Ile injini ya ndege ya kuchezea, aliyoifungua kaka yako Filbert kabla hajaenda vitani, nimeimalizia. Fundi mmoja wa mtaa wa Gerezani alinichongea pistoni mpya, nami nikaipanua kabureta kama alivyotaka Filbert mwenyewe. Sasa inaunguruma kuliko zamani.

Nilipoijaribu uani, mama yako alipaza sauti kutoka jikoni: "Filbert, punguza kelele, baba yako amelala." Kisha akatoka, akaniona mimi. Hakulia. Alirudi ndani akakaa tu, mpaka wali ukaungua.

Tangu tumzike kaka yako, hakuwahi kulitaja jina lake hadi siku ile. Siku hizi kila alasiri ananiambia, "Baba Filbert, hebu iwashe," halafu anaingia jikoni na kumwita Filbert. Mimi nakaa kimya, nisije nikajibu.

Usimwambie kama nimekuandikia. Ila ukija Pasaka, niletee mafuta ya nyonyo, huku yameadimika. Bila hayo injini itakwama, na chupa niliyonayo inakaribia kwisha.

Baba yako,
Anselmi