Gari Lililoitwa Lirudi

Jumatano, 5 Februari

Tumerudi kutoka Msambweni. Mguu wa Mwanasha umeoshwa na kufungwa upya. Sukari hiyo. Kidonda cha kisigino kimekataa kufunga mdomo, kama mwenye kisigino. Muuguzi anasema kila Jumatano bila kukosa. Akikosa kikaoza, watakata mguu. Alilisema hilo mbele ya mgonjwa, kama mtu anayeagiza nyanya. Nikamwambia aanze kukata ulimi wake. Mwanasha akanifinya.

Bodaboda haifai. Tulijaribu mara moja. Mke wangu alilia kutoka hapa Gazi mpaka lango la hospitali, na yeye si mtu wa kulia. Kwa hiyo gari hili kuukuu la Kijapani ndilo miguu yake. Hujinyoosha kiti cha nyuma, mguu juu ya mto, nami naendesha kama nimebeba mayai.

Jioni amelifukiza udi. Lazima. Asubuhi gari linabeba samaki wa Shimoni, mchana linabeba mke. Bila chetezo chake tungefukuzwa hospitali.

Alhamisi, 6 Februari

Kaja shemeji Hamisi, kakaye Mwanasha. Mwalimu mkuu mstaafu. Amestaafu mshahara, kufundisha hajastaafu. Gari lake na langu ni ndugu, tofauti ni rangi. Anasema kampuni iliyoyatengeneza inayaita magari yote ya namna hii yarudi yakarekebishwe. Kuna waya chini ya usukani. Unapata moto, unayeyuka, gari linaungua. Mpaka litengenezwe, usiliegeshe karibu na nyumba wala chini ya makuti. Alinisomea kutoka kwenye simu, kidole juu, kana kwamba bado niko darasa la tano. Kweli ndiko nilikoishia, lakini haimhusu.

Nikamuuliza kama wamekataza pia kulala na wake zetu karibu na gari. Akaondoka bila kunywa chai. Nimeinywa mimi.

Simpendi. Tangu siku ya posa simpendi. Aliuliza, mbele ya wazee, kama dada yake amekosa waume mpaka apewe mchuuzi wa dagaa.

Jumamosi, 8 Februari

Wenye magari ya namna yetu wana kundi lao kwenye simu, kuanzia Diani mpaka Shimoni. Mwenyekiti ni Hamisi, nani tena. Onyo asubuhi, onyo adhuhuri, onyo kabla ya kulala. Leo nimechoka. Nimerekodi sauti. Nimemwigiza, pua na yote: "Enyi wamiliki! Kabla ya kuwasha gari, tawadhaeni! Likikohoa, lipelekeni Mombasa likachanjwe!" Nikamalizia kwa sauti yangu kwamba hakuna waya wala moto, wanataka tu kutupokonya magari ya zamani tukanunue mapya.

Hamisi kanitoa kwenye kundi. Kachelewa. Sauti ilikwishatoka mlangoni. Alasiri nimeisikia kwenye kibanda cha viazi karai, watu wanashika mbavu.

Kassim wa Shimoni, yule kijana ninayechukua samaki kwake, naye ana gari hilohilo. Alikuwa alipeleke Mombasa Jumatatu. Kapiga simu, kicheko kinamtoa pumzi. "Mzee Bakari, umeniokoa safari, wallahi. Siendi mahali mimi."

Leo mimi mfalme.

Jumatatu, 10 Februari

Watu wa kampuni wamepiga hema Ukunda kupokea magari. Nimeenda kwa sababu Mwanasha ameniomba. Nimekutana na binti wa bara, kucha ndefu kama vijiko. Wala shikamoo. "Mzee, wacha tu gari hapa, tutakusort."

Mpaka lini? Hajui, vipuri viko njiani. Je, mna gari la kuniazima? Hapana. Mke wangu atafikaje hospitali? Hilo si la idara yake. Nikamwambia kwa hizo kucha idara yake ni jikoni, akapakue wali. Akaita askari. Askari kijana wa Tiwi, namjua babake, akanishika mkono kwa adabu na kunitoa kwa adabu. Hiyo adabu iliniuma kuliko ngumi.

Hamisi aliacha gari lake bila swali hata moja. Akanifuata mpaka barabarani. "Ukimchoma dada yangu, Bakari, matangani kwako sifiki." Nikamwambia asihangaike, hakualikwa.

Nimerudi na gari langu.

Jumatano, 12 Februari

Msambweni tena. Kidonda kimeanza kupata nyama nyekundu pembezoni, muuguzi karidhika. Nimemwambia leo ulimi wake umeruhusiwa. Hakucheka.

Njiani kurudi, harufu ya kuungua ndani ya gari. Nikajua mara moja. Mwanasha na udi wake. Kaa limedondoka kwenye zulia, liko huko chini ya kiti linajifukiza lenyewe. Nikasimamisha, nikapekua. Sikuona kaa. Nikasema basi ni udi wenyewe, udi wa siku hizi ni raba iliyopakwa marashi. Akasema huo ni udi mzuri, ametumiwa na mwanetu Rehema wa Maskati. Nikasema Maskati wanamtapeli. Tukagombana mpaka mlangoni. Majirani walitoka kusikiliza, mwingine na kiti chake.

Ijumaa, 14 Februari

Siku ya Ijumaa yeye hufukiza kila kitu. Kanzu yangu, kanga zake, mito, gari. Nimewasha gari kwenda msikitini, harufu ileile, imezidi, inakwaruza koo. Nikashuka na hasira zangu. Chetezo kilikuwa bado kinatoa moshi kibarazani. Nimekichukua kwa mpini, nikaenda nacho mpaka mikokoni, nikakitupa kwenye matope. Kikavunjika kwenye mzizi.

Kilikuwa cha mamake.

Niliporudi alikuwa amekaa palepale. Hakusema neno. Nilitaka aseme. Mtu anayenyamaza huna pa kumshikia.

Jumapili, 16 Februari

Hasemi nami. Anasema na paka. "Paka, mwambie bwana huyo uji uko mezani." Nami nikamwambia paka sitaki uji. Paka kanywa.

Gari sasa linanuka samaki tupu, changu na ngisi. Angalau najua ninanusa nini. Nimemwambia paka kwa sauti kubwa kwamba nimeshinda.

Jumatano, 19 Februari

Naandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zinakwenda kama kaa.

Tulitoka mapema. Mwanasha nyuma, mguu kwenye mto, uso dirishani. Harufu ya samaki. Tulipopita mashamba ya minazi ikaja ile nyingine, juu ya samaki. Ileile.

Chetezo kiko matopeni tangu Ijumaa. Gari halijaona udi tangu Ijumaa.

Nilijua hapohapo. Na nilipojua sikusimama. Niandike ukweli, hapa hasomi mtu. Nilisema moyoni hospitali si mbali, nitafika. Sikutaka kumwambia ilikuwa si udi. Nilimweka mke wangu ndani ya moto kwa sababu ya uso wangu.

Moshi ukatoka chini ya usukani, mweusi, wa plastiki. Nikasimama kando ya lami. Umeme ukafa wote. Milango ya nyuma ikabaki imejifunga, vioo havishuki. Mwanasha akapiga kioo kwa viganja. Hakupiga kelele. Akasema, "Baba Rehema." Ndilo neno lake la kwanza kwangu tangu Ijumaa. Nikapanda tena mbele, nikamvuta kwa mabega katikati ya viti, mguu wake ukajigonga kila mahali. Mkono wangu wa kulia niliuegemeza pale chini ya usukani, nikapata nguvu ya kuvuta. Plastiki ilikuwa imeyeyuka. Ilinata kiganjani kama halua.

Tukatoka. Tukakaa kwenye nyasi. Gari likawaka lote, likaisha. Vijana wa bodaboda wakasimama, wengine wakapiga picha. Mmoja, Mungu amrehemu mamake, akaenda kumwita Hamisi.

Hamisi akaja na gari lake. Limetengenezwa, amelipata jana. Yaani ningevumilia Jumatano moja tu. Moja.

Hakunitukana. Alimbeba dadake kama mtoto. Mimi nikapanda mbele bila kuambiwa.

Kidonda kimefunguka, kimetoa damu sana. Muuguzi kakiosha, kasema tusubiri tuone. Mguu bado uko. Kiganja changu nacho kafunga. Nilipopita langoni hata askari sikumtania.

Alhamisi, 20 Februari

Mwanasha amelala kwa Hamisi. Nyumba imekuwa kubwa. Paka kamfuata.

Nalichukia lile gari. Namchukia binti wa kucha. Namchukia Hamisi kwa kuwa alisema kweli tangu mwanzo. Mimi nimejichukia kabla ya wote, toka alfajiri.

Hamisi kaweka kwenye kundi picha ya gari langu likiwaka. Kaandika chini yake kwamba ni langu na kwamba watu wapeleke magari yao. Mtu mmoja akajibu kwa sauti. Sauti yangu. "Enyi wamiliki! Tawadhaeni!" Wakafuata wengine, kila mmoja akaituma ileile. Wengine wakasema picha ni ya kuokotwa mtandaoni. Kumbe tangu siku ile ndivyo wanavyomjibu. Kila akionya, wanamrushia mimi. Nilidhani nimempiga kofi mtu mmoja. Nimewaziba masikio watu wote.

Hamisi amenionyesha haya yeye mwenyewe, bila kidole juu. Akanirudisha kwenye kundi. Nikarekodi sauti nyingine. Nikasema mimi Bakari wa Gazi, gari langu limeungua, mke wangu alikuwa ndani, yale ya kwanza yalikuwa uongo wangu, pelekeni magari. Sauti ilinitetemeka.

Wamecheka. Wamesema mzee leo kajitahidi, mpaka analia! Mmoja kaomba nyingine.

Ijumaa, 21 Februari

Nimempigia Kassim. Nilipotaja gari tu akaanza kucheka. Nikamwambia sichezi. "Najua, mzee wangu, najua hata kidogo huchezi," huku anamwita mkewe aje asikilize. Nikamuuliza gari liko wapi. Liko bandani. Banda lake nalijua. Limeezekwa makuti, limeshikana na chumba wanacholala watoto. Nikamwambia alitoe sasa hivi. Akacheka mpaka simu ikakatika. Nimepiga tena, hapokei. Anadhani mzaha wangu wa leo umekwisha.

Msikitini imamu ametaja wenye magari baada ya sala. Safu ya nyuma mtu akanong'ona tawadhaeni. Mabega yakatikisika safu nzima. Niliinamisha kichwa.

Nimemwomba Hamisi anipeleke Shimoni kesho. Kumwomba Hamisi! Akasema, "Saa mbili niko barazani. Usichelewe, shemeji." Mwalimu ni mwalimu tu.

Jumamosi, 22 Februari

Shimoni. Mwanasha kasema anakuja, lakini alimwambia kakaye, mimi nikasikia. Alikaa nyuma na mguu wake juu ya mto wa watu.

Kassim alikuwa ukumbini anafunga nyavu za kuuza. Kuniona tu, meno yote nje. "Shikamoo, mzee! Leta nyingine, nyumba nzima inangoja." Watoto wake wakatoka mbio, mmoja akaniigiza ninavyomwigiza Hamisi. Kaniigiza vizuri. Hamisi alikuwa nyuma yangu, anasikia yote. Akatazama baharini.

Kila neno nililokuwa nalo limekwisha kuchekwa. Nikaanza kufungua bendeji. Kassim akaendelea kucheka kidogo, kama injini iliyozimwa inayozunguka bado. Mzunguko wa mwisho ulikuwa umegandia kwenye nyama, nikauvuta. Nikamnyooshea kiganja. Akakitazama. Mtoto akaja kutazama, Kassim akamfunika macho.

Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na mama?" Nikamwonyesha gari la Hamisi. Mwanasha alikuwa ametoa kichwa dirishani.

Kassim hakuuliza la pili. Hakuliwasha, alilegeza breki tu. Tukalisukuma kutoka bandani, yeye ubavuni mwa usukani, Hamisi na mimi kwa nyuma. Hamisi kwa mikono miwili, mimi kwa mmoja na bega. Mchanga ule mzito. Pua ya gari ilipofika kwenye wazi tukasimama, tukapumua.

"Baba Rehema," akaita Mwanasha kutoka dirishani. "Bado. Tako lake limo chini ya makuti."

Tukasukuma tena.