Mafuriko Yangu Darasani

Ndugu yangu, leo siongezi chumvi hata punje.

Kwenye darasa la maandiko tulifika kwenye gharika ya Nuhu. Mwalimu akauliza: waliotoka kwenye safina walilalaje mvua iliponyesha tena?

Nikasimama. Nikasema mimi niliwahi kuelea siku tatu juu ya mlango wa kabati. Nesi mmoja mstaafu tunayesoma naye akalia. Akalia kweli.

Kumbe mke wangu yuko mlangoni, kaniletea miwani.

"Mafuriko gani, mzee? Ulipasua bomba la jikoni kwa nyundo, ukapanda mezani. Mimi nilizoa maji kwa sufuria kutwa nzima. Hadi leo bomba likidondosha nashtuka."

Mwalimu akamwambia, "Mama, kaa, tusimulie wewe."

Mimi darasa limenihukumu kupiga deki ukumbi wetu mzima. Kila nikikamua tambara maji yakadondoka, mke wangu anashtuka makusudi, nami naomba radhi tena.