Bodi ya Kumi na Moja

Mpendwa Baba,

Leo hii nimeketi mara nne kukuandikia, na mara tatu nimeinuka. Mara ya kwanza nilienda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. Mara ya pili nilijaza birika, nikasahau kuwasha moto. Mara ya tatu sikumbuki nilichofuata jikoni, nilisimama tu nikitazama mvua ikishuka juu ya majani ya chai mpaka nikajikasirikia nikarudi.

Mashindano yetu ya karata za briji ni kesho. Kwenye nafasi hii ya Habari za Klabu nilipaswa kuweka orodha ya wageni, nani analeta maandazi, na aya mbili kukuhusu wewe, kwa sababu kamati imeamua kikombe cha mwaka kiitwe kwa jina lako. Hizo aya mbili zimenishinda. Kuna jambo nililofanya siku ile tuliposhinda kikombe hicho, na kwa ajili yake Mzee Koech ameishi mwaka mzima na zaidi akiamini kwamba akili yake inamtoka. Kwa hivyo wanachama wenzangu watanisamehe. Mwezi huu hawatapata habari, watapata barua hii.

Wacha nianzie mbali, maana nikikimbia nitaruka mambo.

Unakumbuka katoni za sampuli ulizokuwa ukileta kutoka kiwandani? Mama alidhani utazitumia kuwashia jiko. Wewe ulizikata, ukazishona kwa sindano ya magunia, zikawa bodi kumi na sita, kila moja na mifuko minne ya kutilia karata: Kaskazini, Kusini, Mashariki, Magharibi. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilikuuliza kwa nini Kaskazini iko upande wa kabati wakati mwalimu wa jiografia alisema iko upande wa Nandi. Ukanijibu kwamba kwenye briji Kaskazini ni mahali Baba anapoketi, na mwalimu aje akulalamikie mwenyewe.

Halafu kuna ile Jumamosi ya kwanza uliponipeleka klabuni, kwenye ukumbi wa zamani wa shamba la chai. Niliposhinda mzunguko nilifagia karata zote nne nikazivuta kwangu, kama tunavyocheza karata nyumbani Krismasi. Wewe ulifunga macho. Kumbe kwenye mashindano ya briji hakuna anayefagia. Kila mtu anaweka karata yake mbele yake, na mchezo ukiisha anarudisha karata zake kumi na tatu kwenye mfuko wake, kwa sababu bodi ile inapelekwa meza nyingine ichezwe tena vile vile, na mwisho mnalinganisha nani alifanya nini na karata zile zile. Tukirudi nyumbani ukaniambia, "Mama, hapa huwezi kulaumu karata. Sisi wote tumepewa sawa." Ulipenda jambo hilo kuliko ushindi wenyewe. Nadhani mtu aliyekuwa karani miaka thelathini chini ya mabosi saba alihitaji mahali pamoja ambapo wote wamepewa sawa.

Na kila Jumamosi alikuwako Koech. Kwa wale wanachama wapya mnaosoma: Mzee Arap Koech ni mwalimu mstaafu, ana chai kidogo na ng'ombe watatu ng'ambo ya Kaplong, unapoelekea Bomet. Alikuwa akija na pikapu, gambuti zina matope, na kabla hajaketi anamuuliza Baba kama kiwanda bado kinakunywa majani yake bure. Baba alimwita Mwalimu, yeye alimwita Baba Karani. Walishindana miaka ishirini. Hawakuwahi kucheza upande mmoja, kwa sababu walikubaliana kwamba wakifanya hivyo hawatakuwa na mtu wa kumcheka.

Baba, nalitaja na lile lingine, ingawa hukupenda litajwe. Mwaka ule uchaguzi ulipoharibika, watu wetu wa upande wa ziwa wakawa wanapandisha magodoro kwenye malori, ni Koech aliyekuja na ile pikapu akatubeba sisi sote mpaka kwake. Tulikaa majuma mawili. Aliketi langoni na kiti chake, na wewe uliketi naye, mkicheza karata mchana kutwa ili asiingie mtu wa kuuliza maswali. Huyo ndiye mtu niliyemfanyia hivi.

Sasa siku yenyewe. Ulikuwa umetoka wodini juma lile, umevaa koti la marehemu mjomba, kifua kikilia kila ukivuta pumzi. Nilikusihi tubaki nyumbani. Ulisema utapumzika Jumapili kanisani kama watu wote. Tuliketi meza ya tatu, wewe Kaskazini, mimi Kusini. Koech alikuwa meza ya pili, naye Kusini kama mimi, hivyo kila bodi tuliyomaliza ilienda kwake, na karata nilizocheza mimi ndizo atakazocheza yeye.

Bodi ya kumi na moja ilitufikia raundi ya nne. Niliahidi mizunguko kumi, turufu shupaza. Kila kitu kilitegemea malkia wa kopa: yuko kwa Magharibi, au kwa Mashariki? Nilihesabu, nikahesabu tena, nikacheza nikiamini yuko Magharibi. Alikuwa Magharibi. Mizunguko kumi kamili. Ulinitazama juu ya miwani, ukainuka kwenda kukohoa nje.

Laiti usingetoka. Yule mgeni aliyeketi Magharibi aliniuliza ingekuwaje kama angeanza na karata nyingine. Kichwa kilikuwa kimevimba, Baba. Nikachukua karata zake na za mwenzake, nikazitandaza mezani nimwonyeshe, kitu ambacho ulinikataza tangu nikiwa mtoto: usiguse karata ambazo si zako. Kengele ikalia ya kuhama meza. Nikazikusanya haraka haraka, nikazirudisha. Kumi na tatu huku, kumi na tatu kule, hesabu iko sawa. Ila malkia wa kopa alikuwa ameingia mfuko wa Mashariki, na kopa tano ya Mashariki ikaingia Magharibi.

Sikujua. Hilo naapa. Nilijua raundi ya tano, ya mwisho, niliposikia sauti ya Koech nyuma yangu ikisema taratibu, "Huyu malkia ametoka wapi?" Hapo ndipo mkono wangu ulipokumbuka ulichofanya. Nilichopaswa kufanya ni kuinua mkono na kumwita mwamuzi. Ingekuwa aibu ya dakika tano, bodi ifutwe, Koech apewe haki yake. Niliangalia koti lile la mjomba lilivyokulegea mabegani, nikaangalia karatasi ya alama, tukiongoza. Nikatulia.

Kutulia peke yake pengine kungesameheka. Lakini michezo ilipoisha, mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kukusanya bodi. Nilifungua ya kumi na moja nikageukia ukuta, nikamrudisha malkia Magharibi na kopa tano Mashariki. Nilijiambia nasahihisha kosa langu. Dakika chache baadaye matokeo yakasomwa: sisi wa kwanza, Koech wa pili, nusu alama kati yetu. Naye akaja moja kwa moja kwangu akaomba kuiona bodi ile.

Ulikuwapo. Aliifungua mbele yetu sote. Malkia wa kopa, Magharibi. Alisema alimtafuta Magharibi akamkosa, akatokea Mashariki. Wapinzani wake wa raundi ile walikuwa wameshaondoka kuwahi Kisumu, na mwenzake, ambaye kwa sheria ya briji hakuwa na zamu ya kucheza, alikuwa amelaza karata mezani akaenda kujaza chai. Hakukuwa na shahidi ila mimi. Ukamwekea mkono begani ukasema, "Mwalimu, huyo malkia amekaa Magharibi siku nzima." Watu wakacheka, kicheko cha upendo. Koech alitazama karata ile muda mrefu, kisha naye akacheka, lakini hakukaa kwa chai.

Tukakichukua kikombe. Ulikiweka kando ya kitanda mpaka mwisho, na nilifurahi ulivyofurahi, siwezi kukudanganya juu ya hilo pia.

Lakini ulinisumbua. Kitandani hukuacha kuuliza: Koech alichezaje mpaka akaanguka bodi nyepesi vile? Nikakujibu, "Alisahau tu, Baba. Umri." Baadaye ukaniambia rafiki yako anazeeka mbele ya macho yako na hakuna anayemsaidia. Ukamwita binti yake, ukamshauri, kwa nia njema kabisa, wamwangalie baba yao. Nilikuwa nimekaa pale pale nikikumenyea chungwa.

Wakamwangalia. Funguo za pikapu zikachukuliwa na binti. Maziwa anapeleka mtu mwingine. Mazishini kwako Koech alikuja na daftari mfukoni, amenakili majina ya watoto wako wote asije akakosea kutusalimu. Toka siku hiyo hakugusa karata. Klabuni walisema ni huzuni. Mimi nilijua ni nini, nikaendelea kuandika habari kila mwezi: tumepata wanachama wawili, paa limezibwa, tunamkosa Mzee Koech na tunamwombea afya.

Kamati ilipoamua juu ya jina lako, usingizi ulinihama. Jana Alhamisi nikaenda kwake. Nilifika kwenye lango lake nikapita, nikaenda mpaka kwa duka, nikanunua kiberiti nisichohitaji, nikarudi. Alikuwa ameketi barazani, daftari gotini. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yote, kuanzia kopa tano. Alimwambia mkewe azime redio. Kisha akaniambia nilete karata.

Nilizipanga kwenye meza yao kama zilivyokuwa mezani petu siku ile, malkia akiwa Magharibi. Baba, alizijua kabla sijamaliza kuzipanga. Alinitajia karata za kila mtu, mikono yote minne, mpaka zile ndogo ndogo ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuzikisia. Akacheza. Alicheza vile vile nilivyocheza mimi, mzunguko kwa mzunguko, akapata kumi.

"Kumbe niko sawa," akasema. Hakuniambia mimi, alimwambia mkewe.

Mama yule aliingia ndani, nikamsikia analia. Koech alizikusanya karata, akazipanga, akazipanga tena. Nilimwambia kikombe ni chake, kesho kutwa nitakileta mbele ya watu wote, jina libadilishwe, nitolewe klabuni kama kamati inataka. Hapo ndipo aliponikasirikia. Miaka yote hiyo sijawahi kumwona Mwalimu amekasirika.

"Kikombe peleka kwenye unataka," alisema. "Wewe unafikiria mimi nalilia kikombe? Babako amekufa akinionea huruma. Rafiki yangu wa miaka ishirini amekufa akijua mimi nimeisha. Mwambie."

Nikasema, "Mzee, Baba hayuko."

"Si unajua kuandika? Andika."

Nilimuuliza kama atakuja kwenye mashindano. Alikuwa ameshaanza kuita ng'ombe.

Barua hii nitaibandika ukumbini jioni hii, mahali pa matokeo, na nitaituma kwenye simu za wanachama wote, na kwa binti yake. Sijui watanitazamaje. Nimefuta mstari huu mara nyingi kuliko mingine yote. Lakini nimetumwa kwako, Baba, na ujumbe wenyewe ni mfupi. Malkia alikuwa Mashariki. Mimi ndiye niliyemweka. Mwalimu alicheza kama nilivyocheza, hakusahau kitu, na hata leo anakumbuka kuliko mimi. Mtu uliyemhurumia hakuhitaji huruma yako. Aliyehitaji alikuwa ameketi kando yako na chungwa mkononi.

Lala salama, Baba.

Binti yako, aliyekuwa Kusini yako