Buluu ya Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi

Taa mpya imefungwa. Shingo inauma, magoti yanauma, ngazi nimeirudisha stoo mwenyewe. Hii ni taa ya nne tangu nistaafu. Buluu kali, ile wauzaji wanayoiita aktiniki, ya kufanya matumbawe yang'ae kama yako chini kabisa baharini. Saa nzima nimekaa mbele ya tangi langu la maji ya bahari nikisubiri kufurahi. Wapi.

Bi Mkubwa bado ana rangi ya siagi. Ndilo tumbawe langu kongwe hilo, mwaka wa kumi na saba sasa. Lilikuja kipande cha ukubwa wa kidole gumba, leo halienei kwenye sinia. Jina alilipa mke wangu. Anasema yeye ndiye bi mdogo humu ndani, maana kila asubuhi naliamkia tumbawe kwanza. Zamani lilikuwa la zambarau, ncha zake za kijani. Wageni walikuwa wanaacha chai ipoe wakiliangalia.

Nimeweka kadi nyeupe chini ya taa, kama tulivyofanya kiwandani kila asubuhi kabla ya kuchanganya rangi. Kadi ikionekana na umanjano, taa ni mbovu, badilisha. Miaka thelathini na moja ya kuchanganya rangi kwa macho haya, hakuna ndoo iliyorudishwa kwa sababu yangu.

Kadi ina umanjano. Nimechoka na taa za siku hizi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimerudi kwa muuza taa. Kaniwashia tatu kwa mpigo, niseme ipi ina buluu zaidi. Ya kwanza na ya pili nimeziona sawasawa. Nimemwambia hivyo. Kaniangalia kama mtu aliyeulizwa njia na mwenyeji.

Nikachagua ya tatu, ile kubwa. Kasema hiyo ni ya matangi ya kina kirefu, langu halipiti kiunoni, nitaunguza kila kitu kilichomo. Nikamwambia nimeanza kuchanganya rangi kabla baba yake hajamchumbia mama yake. Kacheka, kafunga mzigo. Ila kaniingizia kipimo cha mwanga mfukoni. Kasema mzee, nakuazima, chovya majini usome namba, halafu tutaongea.

Kipimo! Mimi.

Sasa ziko mbili juu ya tangi, ya Jumatatu na hii. Samaki wangu wawili, Polisi na Mwizi, leo hawafukuzani. Wamejibanza nyuma ya jiwe.

Jumapili, 9 Machi

Nimechovya kipimo, ili nisionekane mkaidi. Kimesoma karibu mara tatu ya kiasi kinachotakiwa. Kwa hiyo ni kibovu. Mwanga wenyewe nauona hapa, umepoa, manjano manjano. Nitamrudishia mwenyewe kesho.

Mke wangu kashona mchana kutwa sebuleni amevaa miwani ya jua. Ndani ya nyumba! Nikamuuliza anamkimbia nani. Kasema buluu yako inanichoma macho, na siwezi kuchagua uzi, kila uzi unageuka rangi. Nikasema basi nikuchagulie mimi, kama siku zote. Ni kazi yangu hiyo tangu tuoane, yeye anashona, mimi nalinganisha uzi na kitambaa. Alikuwa anapinda gauni lake jipya, buluu iliyokoza. Nimempa uzi. Kautazama, kanitazama mimi, kautia kwenye sindano.

Hata asante siku hizi hakuna.

Jumatano, 12 Machi

Cherehani imehamia jikoni. Nimetoka dukani nikakuta pale ilipokuwa kuna alama nne tu za miguu kwenye zulia. Kaiburuza peke yake, na mgongo wake ule.

Sikuuliza. Nitauliza nini? Watu wakikaa pamoja miaka thelathini na minane, siku moja mmoja anachoka, anatafuta chumba chake. Sikudhani itakuwa jikoni.

Jioni Bi Mkubwa kazidi kuwa wa manjano. Nikaona sasa hii si bure, kuna mtu anapunguza buluu nikilala mchana. Nikaenda jikoni kumwambia mke wangu. Nilipandisha sauti, naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye. Hakuinua uso kwenye sindano. Kasema: ningekuwa nimeipunguza, ningekuwa bado nakaa sebuleni.

Jibu gani hilo. Nimepandisha taa zote mbili hadi mia kwa mia na kukaa peke yangu. Zamani saa hizi tulikuwa tunabishana kuhusu samaki, nani mwizi kweli kati ya wale wawili.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi nimemimina chai pembeni ya kikombe. Yote, mezani. Mke wangu kafuta, kavaa viatu, kasema twende. Kumbe tangu mwezi uliopita alishaongea na daktari wa macho, alikuwa anasubiri siku ambayo sitakuwa na la kusema.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia limezidi, litapasuliwa hilo kwanza, tarehe ishirini na tano. La kushoto baadaye. Daktari ni mwanamke mdogo, ana haraka, anaongea huku anaandika. Kaniuliza kama kazi yangu inahusu rangi. Nikasema nimestaafu. Mke wangu kakohoa.

Njiani kurudi kanishika mkono kwenye ngazi. Sikuutoa.

Jumatatu, 24 Machi

Kesho. Sina hamu ya kuandika. Ncha za Bi Mkubwa zinachubuka. Nimesafisha vioo, nimebadilisha maji ndoo mbili, mgongo umekataa ndoo ya tatu. Chakula tumekula jikoni, karibu na cherehani. Tumeongea habari za bei ya dawa za matone.

Jumanne, 25 Machi

Imechukua muda mfupi kuliko kunyoa ndevu. Limefunikwa. Naandika kwa la kushoto, mistari inapanda kilima. Basi.

Jumatano, 26 Machi

Niandike polepole.

Asubuhi daktari kaondoa kifuniko. Kitu cha kwanza kilikuwa koti lake. Jeupe. Nilidhani naujua weupe. Ukuta, karatasi, soksi zangu, vyote kama vimetoka kufuliwa. Daktari kasema lenzi ya zamani waliyoitoa jichoni ilikuwa imegeuka rangi ya chai, imekuwa inachuja buluu miaka mingi, mtu hagundui kwa sababu inakuja kidogo kidogo. Kasema hivyo huku anaandika. Nimemwomba arudie. Karudia.

Nikafumba la kulia, koti likawa siagi. Nikafumba la kushoto, jeupe. Siagi. Jeupe. Nadhani nilifanya hivyo mara nyingi, maana mke wangu kaniuliza kama nina kichefuchefu.

Halafu nikamtazama yeye. Alikuwa amevaa gauni lake jipya. Buluu iliyokoza, nzuri, sijaona buluu ya namna hiyo sijui tangu lini. Na kwenye pindo, kuzunguka lote, uzi mweusi. Ule niliompa mimi. Umekaa pale kama mstari wa kalamu. Kashona hivyohivyo, na leo kalivaa kuja nalo mbele za watu. Hakuufumua.

Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto. Njia nzima nilikuwa naangalia pindo.

Tumefika saa nane mchana. Nilimwambia atangulie jikoni. Nikafungua mlango wa sebule.

Sijui niiandikeje. Chumba kizima kilikuwa buluu, dari, pazia, picha za watoto ukutani, mikono yangu. Buluu ya kuuma, inayokaa nyuma ya macho hata ukifumba. Daktari kaniambia nijiepushe na mwanga mkali na mimi nimeutundika nyumbani kwangu, mia kwa mia. Humu ndimo mke wangu alimokuwa anashona. Humu ndimo nilimomuuliza anamkimbia nani.

Nikasogea kwenye kioo. Bi Mkubwa si manjano. Ni mweupe. Mweupe kama ile kadi, mfupa mtupu, isipokuwa chini kabisa upande wa kivulini, ambako kumebaki kipande cha zambarau cha ukubwa wa kidole gumba. Nimepima kwa kidole changu. Nikafumba jicho jipya nikatumia la zamani, na alikuwa mzima tu, rangi ya siagi, anangoja taa nzuri zaidi.

Nimemuua mimi. Si taa, si kipimo, si mke wangu. Nilikuwa nampikia mwanga kila siku huku nikimlaumu kwa kukonda.

Nimezima taa kubwa kabisa. Nyingine nimeishusha hadi ishirini, nimechovya kipimo (sikuwahi kukirudisha), namba imekaa sawa. Sikuweka kadi. Polisi katoka nyuma ya jiwe kwanza. Mwizi bado.

Sebule sasa imetulia. Sijui kama kile kipande kitapona, vingine hupona, vingi havipati nafuu, itachukua miezi. Nikamwita mke wangu. Nilipanga la kusema, kuhusu uzi, kuhusu Jumatano ile na sauti yangu. Nikasikia kiti kinaburuzwa jikoni, halafu nyayo, nikavuta daftari hili nionekane nina shughuli.

Yuko mlangoni. Hajaingia. Miwani ya jua ameishika mkononi, na ananiuliza, taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza kama nje kuna mvua: niivae au nisiivae?

Ameuliza mara mbili sasa. Nami bado naandika.